Waliuliza Mlangoni Mara Tatu

Nianze na kaka yangu, kwa sababu ndiye aliyeanza. Jina lake siliandiki, na si kwa kumstahi. Kwetu ukishasema "kaka yangu, baba mmoja mama mmoja" umeshamtaja kabisa, na kama hilo halimuumi basi jina halitamuuma. Wa pili ni shangazi, dada wa marehemu baba. Wa tatu ni mwalimu wa madrasa aliyefungisha ndoa huku akitazama saa. Wa nne ni muuguzi mmoja wa kliniki, ambaye pengine hata sura yangu haikumbuki. Wa tano ni yule mwanamume wa kijiji cha Mwera niliyeambiwa kuwa ni mume wangu. Watano hao. Wote wazima, wanapita njiani, wanaitikiwa salamu.

Mimi ni mgonjwa wa akili. Nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa. Ugonjwa ulinikuta nikiwa na miaka ishirini na mbili, siku ya kumi na moja baada ya kujifungua, huko Muheza nilikoolewa kwanza. Nilianza kusikia watu wakinisema ndani ya ukuta. Mume wa wakati ule sina neno naye. Alihangaika nami mwaka na nusu, hospitali na kwa waganga, mwisho akanipa talaka yangu bila matusi. Mtoto akabaki kwa bibi yake, nami nikarudi Nguvumali kwenye nyumba ya baba. Kaka ndiye aliyekuwa akiishi pale na mkewe na watoto wake.

Nikakaa pale miaka mingi. Watu wanadhani mgonjwa ni mgonjwa siku zote. Uongo. Mimi mwaka mzima naweza kuwa mtu kama wewe: napika, nafua, najua bei ya dagaa sokoni na najua nani kanipunja. Kila mwezi naenda kliniki nachomwa sindano. Sindano ile inawanyamazisha wale wa ukutani, lakini kwa siku nne tano hivi inakaza mwili. Shingo inakuwa gogo, ulimi unakuwa mzito kama si wangu, udenda unatoka. Ndiyo maana wanatoa na vidonge vidogo vyeupe vya kulegeza. Ukivimeza unafunguka. Nyumba nzima ilijua hayo. Kaka alikuwa na mzaha wake: "Leo msimsemeshe, chaji imekata." Watoto wanacheka. Nami nilikuwa nacheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

Mwaka mmoja binti yake mkubwa akaanza kuchumbiwa. Wageni wa posa wakawa wanakuja, mimi nikawa naambiwa nikae chumba cha uani. Wa kwanza walikuja hawakurudi. Wa pili hawakurudi. Kaka akaamua sababu ni mimi.

"Watu wanakuja kutafuta mke, wanamkuta shangazi mtu kakaa mlangoni anatoa mate," alisema. "Nani atatia mguu tena?"

Hakuniambia mimi. Alikuwa akimwambia shangazi, wamekaa uani, na mimi nipo hapo hapo juu ya mbuzi nakuna nazi ya mchana. Walinizungumzia kama watu wanaozungumza habari ya kinu kilichopasuka.

"Yuko bwana mmoja Mwera," kaka akasema. "Mtu wa minazi. Mkewe kaondoka, mama yake mzee, anataka mtu wa kumsaidia."

"Hali yake anaijua?"

"Anajua ni mpole."

"Na mwenyewe umemwambia?"

"Nimwambie nini, shangazi? Yule anaelewa nini?"

"Aa, hapo nawe umesema."

Nikaacha kukuna. Nikasema, "Sitaki."

Kaka akageuka, akaangua kicheko. "Kumbe inasikia!" Kanisema kama redio. Shangazi akanitazama kidogo, akavuta kanga begani, akasema kwa sauti ya huruma, sauti ile ambayo mimi naichukia kuliko tusi: "Mwanangu, wewe huna cha kutaka. Wewe wa kutakiwa mema tu."

Basi nilisema. Mchana kweupe, nazi mkononi, akili yangu kichwani, nilisema sitaki na watu wawili wakanisikia.

Sindano yangu ilikuwa bado siku tisa. Kaka akanipeleka kliniki Jumanne. Siku zote nilikuwa nakwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Siku hiyo akanishika mkono kama mtoto. Mbele ya muuguzi akaanza yeye.

"Dada, tunaomba mtuchomee leo. Nyumbani kuna shughuli, na huyu akichangamka mbele za watu itakuwa fedheha."

Muuguzi akatazama kadi, akamtazama kaka. "Anasumbua?"

"Anasumbua mno."

"Haya, akae upande."

Hakuniuliza nasumbua nini. Nikasema, "Dada, siku yangu bado." Akasema, "Usiwe mkaidi, mama, kaka yako anakupenda," huku keshalowesha pamba. Alikuwa akimumunya ubuyu, meno mekundu. Mpaka leo nikinusa spiriti naona yale meno.

Tulipofika nyumbani nikatafuta vidonge vyeupe kwenye kopo langu. Hakuna. Wifi akasema vimeisha, bila kuinua uso kwenye mchele aliokuwa akichagua. Jumatatu vilikuwepo.

Ndoa ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri. Kufikia hapo nilikuwa nimekwisha kakamaa. Wanawake wawili waliniinua kitandani kama wanaoinua mkeka uliolowa, wakaniogesha, wakanipaka hina nyayoni, wakanivika mtandio. Mmoja akasema, "Mbona mzito hivi?" Mwenzake akamjibu, "Ndoa nzito, shoga," wakacheka. Ndani kulifukizwa udi mpaka macho yakaniwasha, na sikuweza kuyapikicha.

Asiyejua mila yetu nimweleze. Bibi harusi haendi mbele ya wanaume. Walii wake, yaani ndugu anayemwoza, na mashahidi wawili ndio wanaokuja mpaka mlango wa chumba chake, wanasimama nje ya pazia, wanamuuliza mara tatu: umeridhia? Akiwa mwanamwali, hajapata kuolewa, anaona haya hajibu. Kunyamaza kwake ndilo jibu, na mwanamke aliyekaa naye ndani anawapa walio nje habari. Mimi siitukani mila hiyo. Ni nzuri kwa msichana mwenye haya ambaye ana ulimi wa kusema hapana akitaka.

Aliyekaa nami ndani alikuwa shangazi. Nje ya pazia ikaja sauti ya kaka, maana ndiye walii. "Dada yangu, umeridhia nikuoze kwa bwana huyu?"

Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa tayari, limekaa nyuma ya meno, neno lile lile la uani. Nikausukuma ulimi, ulimi ukalala. Akauliza mara ya pili. Nikasukuma kwa koo, ikatoka sauti ya ng'ombe aliyekabwa na kamba, na udenda ukatiririka mpaka kidevuni. Shangazi akachukua pindo la kanga yake akanipangusa. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kabisa. Macho yangu aliyaona. Mtu aliyeninywesha uji nikiwa mdogo, kayatazama macho yangu kwa karibu namna ile, kisha akageukia pazia.

"Ana haya mwanangu huyu," akasema.

Kaka akauliza mara ya tatu. Mwalimu wa madrasa akasikika nyuma yake: "Tufanye haraka, magharibi inakaribia."

"Kanyamaza," shangazi akawaambia. "Karidhia."

Vigelegele. Mwanamke mmoja alinipigia kigelegele sikioni kwa nguvu mpaka mate yake yakanirukia shavuni. Watu wengi wanaposimulia wanasema walilia. Mimi sikulia. Nilisikia kinyaa. Ni kinyaa cha kujiona umelala sahanini na watu wanasifu mapishi.

Mwera nilikaa miezi minne. Kazi haikunishinda, kufua nazi kwenye kifuo nilijifunza siku mbili, na mama mkwe alikuwa mzee wa watu, hakunikosea. Sindano ikaisha mwilini na ulimi ukafunguka. Ulipofunguka nikamwambia mwanamume yule maneno yangu yote, kwamba mimi sikuridhia, kwamba nilikuwa nimefungwa mdomo na dawa, kwamba asinikaribie. Akanisikiliza huku akichokonoa meno. Kisha akasema, "Mwendawazimu hajui anachokitaka."

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake, siku hiyo na kila siku. Nikisema sitaki, ni wazimu unasema. Nikipiga kelele, wazimu umepanda. Nikinyamaza kwa kuchoka, "Umeona? Leo umetulia, mwenyewe umependa." Mengine siyaandiki. Aliyefanyiwa anayajua na asiyefanyiwa asitake kuonja. Naandika tu kwamba nilisema, na mara nyingi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kwamba alikuwa ananuka tumbaku na mbata iliyooza, na siwezi tena kula kitu chenye tui lililolala.

Kliniki alinikataza. "Mke wangu hana ugonjwa, ana jeuri." Basi bila dawa wale wa ukutani wakarudi, safari hii wengi. Nikawa silali, siogi, nazungumza na minazi. Ndipo akaogopa. Akanifunga kanga vizuri, akanirudisha Nguvumali asubuhi moja kama mtu anayerudisha sufuria dukani.

Sehemu hii nilisimuliwa na jirani, na mengine nayakumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto. Nilikaa kwenye ngazi ya kibaraza. Wanaume wawili wamesimama juu yangu.

"Shika mzigo wako," yule wa Mwera akasema.

"Wangu? Nimekupa mke, umekaa naye, umemtumia, leo mzigo wangu?"

"Hukuniambia anaumwa kiasi hiki."

"Ulidhani nakupa nini, mwalimu wa sekondari?"

Watu wakacheka. Walikuwa wamejaa njiani, wengine na ndoo za maji kichwani. Mpemba wa dukani alitoka mpaka nje asikose.

Aliyevunja kicheko ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, mama wa Kibondei, Mkatoliki, fundi cherehani. Alikuwa amesomea kazi ya msaidizi wa kisheria, ile ya kuwasaidia watu mtaani bila kuwa wakili. Alikuja na futi yake ya kupimia bado shingoni.

"Hodi jamani. Na yeye mwenyewe anasemaje?"

Wakamtazama kana kwamba kaulizia maoni ya mbuzi.

"Mama, huyu ni mgonjwa," kaka akasema.

"Nimeona. Nimeuliza anasemaje."

Akachuchumaa mbele yangu, akaniamkia vizuri, "Habari za siku, dada," akangoja. Alingoja sana. Wananiambia nilisema kitu kimoja tu, kwamba nataka dawa yangu. Akaninyanyua, akanipeleka hospitali yeye, wala hakumwomba mtu ruhusa. Huko daktari mwingine alinibadilishia, akanipa vidonge ambavyo havinikazi, akanieleza kila kimoja na akaniuliza kama nakubali. Nilidhani ananicheka. Nilikuwa sijawahi kuulizwa na mtu mwenye koti jeupe.

Nilipopata nafuu jirani akanitafutia chumba Mabawa kwa ndugu yake, akaniambia habari za sheria. Kwamba sheria ya ndoa inataka ridhaa ya hiari, na bila hiyo hakuna ndoa hata pangelikuwa na pilau ya masufuria ishirini. Kwamba ugonjwa haukunyang'anyi kauli. "Siku unayoweza kusema, unasema," aliniambia huku akipiga pindo. "Siku usiyoweza, shughuli inangoja mpaka uweze. Harusi si mazishi, ati, kwamba lazima leo." Tulikwenda pia polisi. Askari wa kike alituandikia vizuri mpaka alipofika mahali pa kuuliza, "Huyo mtu ni nani wako?" Nikasema, wanamwita mume wangu. Hapo kalamu ikasimama. Akatushauri tuanze na ndoa yenyewe.

Kumbe wenzangu, kaka na yule wa Mwera, nao walikuwa wameshakaa kikao. Mwera walikuwa wamesikia nimepona, nao wananitaka nirudi. Minazi imezaa na mama mzee hana wa kumpikia. Kaka akakubali. Akaenda mwenyewe kwenye baraza la usuluhishi la kata kulalamika kwamba jirani kamtorosha mke wa mtu. Kwa hiyo siku ile ya baraza jambo lilikuwa moja: ama naachwa huru, ama narudishwa Mwera.

Baraza lilikuwa na watu wanne na katibu. Mwenyekiti mwanamke wa makamo, mwalimu mstaafu. Na mmoja wa wajumbe alikuwa sheikh mzee wa msikiti wa huko huko Mabawa, mwembamba, kikohozi hakimwachi. Tulipomwamkia shikamoo aliitikia kila mtu peke yake, na mimi pia.

Kaka alizungumza vizuri. Ni msemaji, hilo namkubalia. Alisema jinsi alivyonilea, alivyohangaika, alivyonitafutia stara. Akamaliza: "Waheshimiwa, huyu msimsikilize, akili yake si timamu. Leo atasema hivi, kesho vile. Mimi ndiye walii wake na mimi ndiye msemaji wake."

Sheikh akakohoa mpaka akamaliza. "Siku ya ndoa aliulizwa?"

"Mara tatu, sheikh. Mlangoni. Mimi mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Alinyamaza. Na kunyamaza ndiko kuridhia."

"Kwa nani?"

"Kwa... kwa bibi harusi."

"Kwa mwanamwali, bwana. Dada yako alikuwa mwanamwali?"

Kule nyuma mtu akacheka puani. Nguvumali nzima walicheza ngoma kwenye ndoa yangu ya kwanza. Mtoto wangu wa Muheza sasa ana ndevu.

"Mtalaka hujibu kwa ulimi wake," sheikh akasema. "Hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Huyo mwalimu aliyefungisha kasoma wapi? Alikuwa anawahi nini?"

Kaka akatafuta pa kukimbilia, akarudi pale pale. "Sheikh, lakini mgonjwa hana kauli."

Hapo nikasimama. Jirani alikuwa ameniambia ningoje nipewe nafasi, sikungoja. Nikasema, "Kama mgonjwa hana kauli, kimya changu mlikipokeaje? Nikinyamaza nina akili za kuolewa, nikisema sina akili za kukataa. Hiyo akili yangu mnaiweka wapi, huko mlikoficha vidonge vyangu?"

Mwenyekiti akauliza vidonge gani. Nikamweleza: sindano kabla ya siku, vidonge vilivyopotea, ulimi. Wakamwita shangazi kutoka kwenye benchi.

"Mama, wewe ulikuwa ndani. Ulimsikia akiridhia?"

Shangazi akaanza kusokota pindo la kanga. "Aliguna."

"Aliguna namna gani?"

"Aliguna tu, na mate yanamtoka. Mimi nikasema ni haya."

"Mama. Wewe na umri wako. Ulidhani ni haya?"

Akaliachia pindo. Kisha akasema, na kwa mara ya kwanza hakutumia ile sauti ya huruma: "Kaka yake alikuwa ameshalipia viti."

Sikujua nicheke au nitapike. Viti vya plastiki vya kukodi! Mwanamume wa Mwera yeye hakusema kitu tangu mwanzo mpaka mwisho ila neno moja, kwamba amepoteza muda wake.

Baraza likaandika kwamba hapa hapana ndoa ya kusuluhisha, likanipa karatasi niende nayo mahakamani. Mahakama ilichukua miezi saba, kuahirishwa na kuahirishwa, lakini ilitamka hivyo hivyo: haikuwa ndoa. Ya polisi bado inatembea, na mimi natembea nayo. Kaka hakufanywa lolote. Shangazi hakufanywa lolote. Mwalimu wa madrasa anafungisha ndoa mpaka leo, na muuguzi nasikia kapandishwa cheo.

Lakini siku ile ya baraza haikwisha na karatasi. Kuna desturi: shauri likimalizika, ndugu wapeane mikono mbele ya wajumbe, katibu aandike wamepatana, watu waende zao. Mwenyekiti akasema, "Haya, mkono na mkono, yaishe."

Kaka akawa wa kwanza. Akavuka chumba na tabasamu, mkono mbele. "Dada, tusameheane. Shetani tu."

Nikautazama. Vidole vinene, kucha zimekatwa vizuri, saa mpya.

"Mpe mkono, mwanangu," shangazi akasema kwenye benchi. "Usiwe na kiburi na nduguyo."

"Bado hajapona huyo," mtu akanong'ona nyuma, kwa sauti ya kusikika.

Hata jirani yangu alikuwa ametazama chini, nadhani alitaka nimpe yaishe. Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, unakubali kupatana?"

"Sitaki," nikasema.

Katibu alikuwa na kalamu juu ya daftari, akamgeukia mwenyekiti. "Sasa hapa niandike nini? Huwa tunaandika wamepatana."

"Ameulizwa, amejibu," sheikh akasema katikati ya kikohozi. "Andika alivyojibu."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali, na katibu akaandika. Nilisimama pale mpaka akamaliza mstari. Kaka akaurudisha mkono wake, akaufuta kwenye shati, kana kwamba mimi ndiye ningemchafua.